Damu Ipo, Njia Hakuna

Mwanangu aliishiwa mishipa akiwa na umri wa miaka sita. Najua kuwa mishipa haiishi kama unga unavyoisha katika debe. Wakati ule nilikuwa mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari, na kila mwaka nilichora ubaoni mzunguko wa damu, ateri kwa chaki nyekundu na vena kwa chaki ya buluu, mishale yote ikielekea inakopaswa kuelekea. Lakini hivyo ndivyo manesi walivyosema kila tulipolazwa, na mzazi yeyote mwenye mtoto wa sikoseli anajua wanachokusudia. Kila dripu huacha alama yake. Mshipa uliotobolewa mwezi huu, na mwezi ujao, na ule unaofuata, hukakamaa ukawa kama uzi mgumu chini ya ngozi, na sindano ikiugusa huteleza pembeni. Kwa mwanangu vilitangulia viganja, vikafuata viwiko, kisha miguu.

Tuliishi Mtoni, katika nyumba ya mama mkwe wangu. Mume wangu alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani, katika miaka ile ambayo viwanda vilikuwa vikifungwa au kuuzwa, na sasa aliuza viatu vya mitumba Manzese. Mama yake alikuwa mwenyeji hasa wa pwani hii, mwanamke mwembamba aliyependa kunyamaza, na ambaye hospitali hakuiogopa wala kuiabudu. Kila Ijumaa alikuna nazi, akalichemsha tui mpaka likatoa mafuta, akayamimina katika chupa ya dawa ya kifua aliyoiosha kwa maji ya moto. Kwa mafuta hayo alimkanda mjukuu wake. Ugonjwa ule ukishika, maumivu hukaa ndani ya mfupa ambako kubembeleza hakufiki, na mkono wa bibi ulikuwa kitu pekee kilichomfanya mtoto afumbe macho.

"Mke mwenzangu," alikuwa akimwambia, kwa ule utani wa bibi na mjukuu wa kike, "lete goti hilo. Babu yako huko aliko ataniuliza nimekutunzaje."

"Mwambie unanifinya."

"Nitamwambia una mdomo."

Mara ile ninayoieleza tulimfikisha hospitali akiwa hana mdomo tena. Homa ilikuwa imemkaa siku tatu, macho yamegeuka manjano, na kucha zake zilikuwa nyeupe kama karatasi ya daftari. Daktari wa zamu alimfunua kope, akaandika, akasema anahitaji damu na dawa ya mshipani, na kwamba vyote viwili vilihitajika jana. Damu ilipatikana. Mume wangu alipimwa, ikaonekana inalingana, akatoa. Ilibaki njia ya kuipitishia.

Nesi aliyetupokea alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti nzito, ambaye wodi nzima ilimwita sista. Alimtafuta mshipa kwa muda mrefu kuliko subira yangu. Alimpiga vidole, akamfunga mpira, akamchovya mikono katika maji ya uvuguvugu. Hatimaye alipata mshipa mmoja karibu na kifundo cha mguu wa kushoto, mwembamba kama mguu wa mbu, akaingiza kanula, ule mrija mfupi wa dripu, akaibana kwa plasta na kuuegemeza mguu juu ya kipande cha boksi la dawa ili usikunjike.

"Huu ndio wa mwisho," alituambia. "Dawa itapita hapa leo. Kesho asubuhi vipimo vya damu vikikamilika, damu nayo itapita hapa hapa. Mguu huu usiguswe. Mmenisikia? Hata na malaika."

Tulimsikia.

Alfajiri mama mkwe alitoka kwenda kuswali mwisho wa ukumbi, ambako kulikuwa na nafasi ya kutandika msala. Alikuwa na kawaida ya kubaki akivuta uradi mpaka kuche. Mtoto akazidi kulia, kwa ule mlio mwembamba ambao bado naukumbuka hata nikiwa katikati ya kazi nyingine.

"Mama, mguu."

"Upi?"

"Wa dripu. Ndani."

Nilimwambia asubiri, bibi anakuja. Akasema hawezi. Nilimwita sista, lakini wa usiku alikuwa ameondoka na wa asubuhi hajafika. Chupa ya mafuta ilikuwa pale kando ya mto. Nikamimina kidogo kiganjani, nikasugua mikono mpaka mafuta yakapata joto, kama nilivyomwona bibi akifanya, nikaanza kumkanda juu ya goti. Juu ya goti tu. Kilio kikapungua. Nikashuka kidogo. Kilio kikakoma kabisa, akafumba macho, na mimi, niliyekuwa sijamsikia akinyamaza tangu usiku wa manane, sikuweza kuuondoa mkono. Nikaendelea kukanda muundi wa mguu, kushuka na kupanda, nikiongeza mafuta.

Nilijua ninachofanya. Hilo ndilo ninalotaka lisomeke wazi, kwa kuwa mtu aliyesoma huwa na njia nyingi za kujitetea na mimi nimezijaribu zote. Nilijua kwamba plasta haishiki penye mafuta. Nilijua kwamba mafuta hutiririka kufuata mteremko. Mtoto alipoukunja mguu usingizini, plasta ilijikunja kama ganda la kitunguu, kanula ikachomoka, na damu ile kidogo aliyokuwa nayo ikaanza kudondoka juu ya shuka.

Niliibana kwa pindo la khanga yangu. Mama mkwe alirudi na msala wake umekunjwa kwapani, akanikuta hivyo. Alipiga magoti, akaweka kidole chake juu ya changu, akabana. Tulikuwa katika hali hiyo sista alipofika amevaa sare yake, akaona shuka, akaona mguu unavyong'aa, akaiona chupa.

Alimgeukia mama mkwe.

"Bibi. Si nilisema mguu usiguswe?"

Mama mkwe hakuondoa kidole.

"Nyie wazee wa pwani na mafuta yenu. Kila siku tunasema hapa, kila siku. Mtoto hana mshipa mwingine, unaelewa? Hana. Sasa hiyo damu ya mwanao nimpitishie wapi, masikioni?"

Mama mkwe alinitazama. Alinitazama mara moja tu, bila lawama, kama mtu anayeangalia kama mlango umefungwa. Mimi nilitazama doa juu ya shuka. Nilikuwa na sentensi fupi ya kusema, yenye maneno mawili, nayo haikutoka.

"Nisamehe, mwanangu," mama mkwe alimwambia sista. "Mie mzee, nasahau."

"Hiyo chupa katupe."

"Nitaitupa."

Aliifunga kwenye pindo la khanga yake, akaketi.

Saa tatu daktari mkuu wa wodi alikuja na sindano ndefu. Alikuwa mzee mwenye mikono mizuri, na sijapata kumsikia mtu yeyote akisema vinginevyo. Alinieleza kwamba mishipa midogo ikikosekana hutafutwa mkubwa, ule wa shingoni unaorudisha damu moyoni, na kwamba haukai juu ya ngozi ukaonekana. Hutafutwa kwa kupapasa misuli na kuhesabu vidole kutoka mfupani. Pembeni yake, karibu sana, hupita ateri ya kupeleka damu kichwani. Nilimwambia najua, nafundisha. Akanitazama kwa huruma, akaniomba nimshike mtoto kichwa.

Alijaribu upande wa kulia. Mara ya kwanza bomba la sindano lilirudi tupu. Mara ya pili damu iliruka humo ikiwa nyekundu ya kung'aa, ikidunda, na kabla hajasema neno nilikuwa nimeshafahamu kwamba hiyo ilikuwa chaki nyekundu. Alichomoa, akabana kwa shashi kwa muda mrefu. Alipoondoa mkono, shingo ya mwanangu ilikuwa na uvimbe wa ukubwa wa yai la njiwa. Mtoto hakulia. Hilo lilinitisha kuliko sindano.

"Upande huu umefungwa," daktari alisema, akivua glavu polepole. "Umebaki wa kushoto, na kinena. Lakini sitaki kukudanganya, mwalimu. Amekauka, mshipa umesinyaa, na mimi natafuta nisichokiona. Nikiipiga ateri mara nyingine..." Hakumaliza.

Pembeni yake alikuwapo daktari kijana, mwanamke, aliyerudi kutoka masomoni nje miezi michache iliyopita. Mpaka hapo alikuwa hajafungua kinywa.

"Mzee, kule nilikokuwa waliutazama mshipa kwanza. Kwa altrasaundi."

"Altrasaundi ni ya wajawazito."

"Mashine haina habari hiyo, mzee. Inaonyesha kilicho na maji ndani. Mshipa una maji."

"Umewahi kufanya?"

"Nimeshika mashine mara mbili. Sindano alishika mwingine."

Mzee alimtazama mtoto, akatazama glavu zake ndani ya beseni. "Mpeleke," alisema. "Ikifika saa kumi hujapata, mrudishe kwangu nijaribu kushoto. Baada ya saa kumi sidhani kama kutakuwa na haja."

Mashine ilikuwa moja, katika jengo la wazazi, nzito kama kabati, na haikuwezekana kuisogeza. Basi ilimlazimu mtoto aifuate. Tulimsukuma kwenye kitanda cha magurudumu, daktari kijana mbele, sista ameshika chupa ya maji ambayo haikuwa imeunganishwa na chochote, mama mkwe na mimi nyuma. Tulipofika tulikuta mlango umefungwa na ukumbi umejaa wajawazito kwenye mabenchi. Kulikuwa na mgao. Umeme wa upande ule ungerudi saa nane, kama ungerudi, na jenereta ililisha chumba cha upasuaji peke yake.

Ilikuwa saa tano kasorobo.

Sijui kueleza kungoja kule. Nimejaribu mara nyingi kuandika kuhusu sindano, nikafanikiwa, lakini saa zile karibu nne hazikubali kuandikwa. Daktari alikuwa akipima mapigo ya mtoto kila baada ya muda, akiandika juu ya kiganja chake mwenyewe kwa kalamu. Nilizisoma namba zile zikipanda. Nilijua maana yake: moyo ulikuwa unakimbia kwa sababu ulikuwa na kitu kidogo mno cha kusukuma. Nilikuwa nimewahi kuuliza swali hilo katika mtihani wa kidato cha tatu.

Wajawazito walitutazama. Mmoja wao, mnene, mwenye khanga ya manjano, akamwuliza sista, "Na huyo naye kaja kutazamwa mimba?"

Wenzake wakacheka kidogo.

"Kaja kutazamwa shingo," sista akamjibu. "Na umeme ukirudi anaanza yeye."

"Aka. Sie tumeamkia hapa tangu saa kumi na moja. Foleni ni foleni, sista."

"Haya, mwenye foleni aje amtazame, kisha aniambie namba yake."

Yule mwanamke aliinuka kwa taabu, mkono kiunoni, akaja mpaka kitandani. Alimtazama mtoto. Akaitazama shingo. Alirudi kwenye benchi, akavua khanga yake ya juu, akaja tena akamfunika miguu. "Ana baridi," alimwambia mama mkwe, kana kwamba ndilo lililokuwa likizungumzwa tangu mwanzo. Baada ya hapo hakuna aliyetaja foleni.

Mume wangu alifika saa saba akiwa amebeba deli, lile sanduku la kuwekea barafu. Jokofu la maabara nalo lilikuwa limezimika, na aliyekuwa zamu alimwambia atafute barafu kama anataka damu yake isiharibike. Alikuwa amekwenda kwa wauza samaki, akarudi na vipande vya barafu vyenye magamba, na sasa mfuko wa damu yake ulikuwa ndani ya deli, umezungushiwa taulo. Aliliweka chini karibu na kitanda, akachutama kando yake. Mkono wake bado ulikuwa na pamba mahali alipotolewa.

"Vipi?" aliniuliza.

Mama yake ndiye aliyejibu. "Damu ipo, njia hakuna."

Nilitaka kumwambia mume wangu wakati ule. Alikuwa karibu nami kiasi cha kusikia pumzi zangu. Nilitaka kusema, njia ilikuwapo, mimi nimeitelezesha. Badala yake nilimwuliza kama amekula.

Umeme ulirudi saa nane na nusu. Taa ya ukumbi ilipepesa, feni ikaanza kujivuta, na wajawazito wote wakageuza nyuso juu kwa pamoja. Tuliingia. Mashine iliguna kwa muda kabla skrini haijawaka rangi ya kijivu. Daktari alichukua kile kishikio chenye kichwa kipana, kilichotengenezwa kwa ajili ya tumbo la mtu mzima, akakipima kando ya shingo ya mwanangu. Kilikuwa karibu kuienea yote.

"Kikubwa," alijisemea. "Lakini kitaona. Sista, ile jeli."

Sista aliinua tyubu, akaiminya, akaikunja kutoka mkiani kama watu wanavyokunja dawa ya meno, akaiminya tena. Ilitoa hewa. Alifungua kabati, akafunga. Alifungua droo zote tatu.

"Iliagizwa," alisema.

Daktari alinieleza bila kunitazama kwamba mashine haioni kupitia hewa. Kati yake na ngozi lazima pawe na kitu kinachojaza, la sivyo skrini huonyesha giza tupu. Walijaribu maji. Picha ilikuja, ikavunjika, maji yakatiririka nyuma ya sikio la mtoto, giza likarudi. Walijaribu tena. Saa ya ukutani ilionyesha tisa kasorobo.

"Lazima kitu kizito zaidi ya maji," alisema. "Hata mafuta yangefaa. Mafuta ya aina yoyote."

Kisha nikamwona mama mkwe anahangaika na pindo la khanga yake. Fundo lilikuwa limekaza, akalifungua kwa meno. Akaiweka chupa mezani, polepole.

Sista aliitazama, akamtazama yeye.

"Bibi. Si nilikwambia ukatupe?"

"Uliniambia, mwanangu. Mie mzee, nasahau."

Daktari alimimina mafuta ndani ya glavu safi, akakitumbukiza kichwa cha mashine humo, akaifunga glavu kwa uzi ili mafuta yasitoke. Akamsafisha mtoto shingo upande wa kushoto kwa aidini, mara mbili, akaiacha imelowa. Alipokigusisha, skrini ilifunguka kama mtu anapofuta vumbi juu ya kioo.

Nilikuwa nimefundisha mishipa ile kwa miaka minane. Sikuitambua. Hakukuwa na nyekundu wala buluu, kulikuwa na kijivu juu ya kijivu, na katikati kitundu kimoja cheusi cha mviringo kilichokuwa kikidunda.

"Hiyo ni ateri," daktari alisema. "Nikibonyeza haibonyei. Vena hubonyea ikapotea. Tatizo ni kwamba sioni cha kubonyeza."

Alisogeza kidogo juu, akashuka. Kitundu kilikuwa kimoja.

"Tuinue miguu ya kitanda," alisema sista. "Damu ishuke kichwani."

Mume wangu alitoka mbio, akarudi na matofali mawili yaliyokuwa yakizuia mlango. Tukainua, tukayaingiza chini, mtoto akalala kichwa kikiwa chini kuliko miguu. Tukangoja. Daktari hakuondoa mkono. Kisha juu ya kile kitundu cha mviringo, si pembeni kama nilivyokuwa nikichora, bali juu yake kabisa, ufa mweusi ukatokea. Ukapanuka. Ukawa kama jicho linalofunguka nusu. Daktari alibonyeza kidogo, ukafumba. Alilegeza, ukafumbua.

"Mshipa umeikalia," alinong'ona. "Umeikalia ateri kabisa. Mzee angetafuta pembeni, kila mtu angetafuta pembeni. Sindano ingekosa, au ingepita juu na kutokea chini."

Alimpa sista ashike mashine, akamwonyesha namna ya kutotikisika. Akachoma ganzi. Akanitaka nimshike mtoto kidevu, nimgeuzie kulia, juu ya ule uvimbe, nami nikafanya hivyo. Mama mkwe alikuwa ameinama upande wa pili, mdomo wake karibu na sikio la mjukuu wake, akisoma. Sikusikia maneno, niliona midomo.

Kwenye skrini ilitokea nukta nyeupe. Ilishuka. Ukuta wa juu wa mshipa ukabonyea ndani, ukabonyea zaidi, mpaka jicho lile likawa limekaribia kufumba tena, na daktari akasimama pale pale, sindano haiendi mbele wala nyuma. Sijui alisimama kwa muda gani. Kisha kidole chake kikafanya jambo dogo, na ukuta ukarudi mahali pake, na nukta ikawa ndani.

Alivuta. Damu iliyoingia kwenye bomba ilikuwa nyeusi, nzito, isiyodunda.

"Buluu," nilisema. Watu wote wakanitazama, na sikuwa na namna ya kueleza.

Alipitisha waya, juu ya waya akapitisha mrija mwembamba, akauchomoa waya. Kisha akachukua uzi akaushona mrija kwenye ngozi, pande mbili.

"Huu ameushona," sista alisema, akivua glavu na kupangusa mafuta mikononi. "Huu hautelezi." Na alinitazama mimi alipokuwa akisema.

Damu ya mume wangu ilitolewa kwenye deli, ikapashwa joto kwapani mwake mwenyewe chini ya shati, kwa kuwa hapakuwa na namna nyingine, ikatundikwa. Tulirudi wodini ikiwa inadondoka tone moja moja. Nyuma yetu mwanamke mwenye khanga ya manjano aliingia chumbani, na baadaye nilisikia kwamba wajawazito wote wa siku ile walitazamwa kwa mafuta ya mama mkwe, mpaka chupa ikaisha.

Jua lilipokuwa linashuka, kucha za mtoto zilikuwa zimeanza kuwa na rangi. Alifungua macho, akamtazama bibi yake kwa muda.

"Mke mwenza," alisema, "unanuka nazi."

Mama mkwe alikaa kitako sakafuni, akajifunika uso kwa khanga, akabaki hivyo.

Siku tuliyoruhusiwa, wiki mbili baadaye, nilimfuata sista kwenye chumba chao alikokuwa akikunja shuka. Nilikuwa nimejiandaa kwa sentensi ndefu, yenye sababu. Nikasema ile fupi.

"Sista, ni mimi. Niliyempaka mafuta siku ile."

Hakuacha kukunja. "Najua, mwalimu. Nilipoingia kazini, kabla sijavaa sare, nilimpita bibi kwenye msala. Na mikono yako iling'aa mpaka viwiko."

"Mbona ulimgombeza yeye?"

"Wewe ulikuwa umebakiza kidogo uvunjike. Na mtoto alihitaji mtu wa kumshika kichwa." Akapanga shuka juu ya nyingine. "Yeye nilimwomba radhi siku ile ile. Wewe je?"

Jibu lilikuwa hapana. Nilimwomba mama mkwe radhi nyumbani, jioni ile, akikuna nazi. Alisema ameshasahau, yeye mzee, na akaniambia nimsogezee kifuu kile pale.

Mrija ule ulimpa mwanangu miaka saba. Sipungukiwi na shukrani nikisema kwamba haikutosha. Alifika kidato cha kwanza, akaanza kuniuliza maswali juu ya vitabu vyangu, akanisahihisha mchoro mmoja. Kisha homa nyingine ilikuja, na safari ile mshipa ulipatikana kwa urahisi, na haikusaidia kitu.

Tulimwosha mimi na mama mkwe pamoja na mwoshaji, chini ya pazia la khanga uani. Mama mkwe ndiye aliyeshika kichwa. Maji yalipopita shingoni upande wa kushoto, alisimama. Palikuwa na kovu pale, dogo kama mbegu ya ufuta, na pembeni yake vidoa viwili vya uzi. Aliweka kidole gumba juu yake, akakiacha hapo, maji yakiendelea kumwagika pembeni.

"Hapa," aliniambia, "ndipo ilipopita damu ya baba yake."

Kisha akaondoa kidole, nami nikamimina.